Jinsi ya kubadilisha taa za mashine kongwe ya pinboli kuwa za LED

Maswali ya wanaoanza kazi hii hufanana. Ninunue balbu za aina gani? Kwa nini taa zinapepesa baada ya kubadilishwa? Kwa nini nyingine zinabaki na mwanga hafifu wakati zilipaswa kuwa zimezimika kabisa? Je, ninaweza kuiharibu mashine? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mashine ya miaka ya 1960 hadi ya 1990, ambaye anaweza kutumia bisibisi na multimita hata kama si fundi wa elektroniki. Kuchomoa balbu na kuchomeka nyingine si kazi ngumu. Kinachowakwamisha wengi ni kudhani kwamba balbu zote zilizomo ndani ya mashine moja zinapata umeme wa namna moja, kisha wakanunua mfuko mzima wa LED za aina moja na kuzitia kila mahali. Mimi nilianza hivyo, na ilinibidi kuzitoa karibu zote na kuanza upya.

Faida kubwa ya kazi hii ni kupunguza joto, ingawa wengi huvutiwa kwanza na rangi. Balbu namba 44, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi katika mashine za zamani, hufanya kazi kwa volti 6.3 na hutumia ampea 0.25, yaani takriban wati 1.6. Mashine yenye balbu 50 za namna hiyo zinazowaka muda wote huvuta ampea 12.5 na kuzalisha joto la karibu wati 79 ndani ya kasha lililofungwa. Namba 47, yenye umbo lilelile, hutumia ampea 0.15, kwa hiyo balbu 50 hushuka hadi wati 47 hivi. LED ya kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya hapo. Joto hilo ndilo linalobambua rangi iliyo nyuma ya kioo cha picha (kile kilicho kichwani mwa mashine), linalopinda plastiki za uwanjani (ubao ambao mpira huchezea), na linaloziunguza plagi za nyaya za taa mpaka zikawa za kahawia. Hata kama hupendi mwonekano wa LED, ningekushauri ubadilishe angalau taa zilizo nyuma ya kioo cha picha, kwa sababu kioo kilichobambuka hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Makundi matatu ya taa

Kabla ya kununua chochote, fahamu kwamba mashine ina makundi matatu ya taa.

La kwanza ni taa za jumla, yaani zile zinazoangaza uwanja na kioo cha picha muda wote wa mchezo. Kwa kawaida hupata umeme wa AC wa volti 6.3 moja kwa moja kutoka kwenye transfoma.

La pili ni taa za mchezo, zinazowaka na kuzimika kulingana na kinachotokea uwanjani, nyingi zikiwa chini ya vidirisha vya plastiki vilivyopachikwa kwenye mbao. Hapa kizazi cha mashine ndicho kinachoamua. Katika mashine za rilei (swichi zinazoendeshwa kwa sumaku ya umeme), ambazo zilianza kuachwa mwishoni mwa miaka ya 1970, taa hizi hutumia umeme uleule wa taa za jumla kupitia swichi za rilei, hivyo hazina usumbufu mkubwa. Katika mashine za kielektroniki za Bally na Stern za kuanzia 1977 hadi katikati ya miaka ya 1980, kila taa huwashwa na thairista, yaani swichi ya kielektroniki, ambayo huhitaji mkondo wa kutosha ili ibaki imewaka. Katika mashine za kielektroniki za Williams, taa hupangwa kwa matriksi (gridi) ya safu 8 kwa 8, yaani hadi taa 64, na kila safu hupewa umeme kwa sehemu moja tu ya nane ya muda, kwa mapigo ya haraka ambayo jicho haliyaoni.

La tatu ni flasha, zile taa kali zinazomweka mara moja na kuzima. Hizi hutumia balbu kama namba 89 na 906 za volti 13 hivi, au namba 1251 ya volti 28. Usizichanganye na zile za volti 6.3.

Vitu utakavyohitaji

- Kitabu cha mashine au mchoro wake wa umeme. Bila mchoro utafanya kazi kwa kubahatisha.
- Multimita.
- Kipande cha mpira laini wa bomba, chenye upana unaoshika kichwa cha balbu. Hiki ndicho kifaa nisichoweza kukikosa, kwa kuwa balbu nyingi ziko mahali ambapo vidole havifiki.
- Brashi ndogo ya nyuzi za kioo au msasa laini sana wa kusafishia soketi.
- Glavu na miwani ya kukinga macho.
- Pasi ya kulehemu pamoja na risasi yake, kwa ajili ya soketi zilizolegea.
- Fyuzi za akiba zenye kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye mashine.
- Blanketi au zulia la kulazia kioo, na visanduku vya kutenganishia balbu za zamani.

Hatua za kazi

1. Hakikisha taa zote zinafanya kazi kabla hujabadilisha hata moja. Mashine za kielektroniki zina jaribio la taa katika menyu yake, kwa kawaida kupitia vitufe vilivyo nyuma ya mlango wa sarafu. Liendeshe na uandike kila taa isiyowaka. Katika mashine ya rilei, cheza michezo michache huku ukiangalia. Tatizo lililokuwepo tangu mwanzo lirekebishwe sasa, kwa maana likibaki utakuja kuilaumu LED kwa kosa ambalo si lake. Piga pia picha za uwanja na za kioo cha picha gizani, ili uwe na kitu cha kulinganisha baadaye.

2. Hesabu balbu kwa kundi na kwa kitako. Chora jedwali lenye sehemu tatu: taa za jumla, taa za mchezo na flasha. Katika kila sehemu andika namba ya balbu na aina ya kitako. Namba 44 na 47 zina kitako cha chuma chenye vipini viwili vya pembeni, na huingizwa kwa kusukuma na kuzungusha. Namba 555 ina kitako bapa cha kioo, na huchomekwa moja kwa moja. Angalizo muhimu: namba 906 ya flasha nayo ina kitako bapa, na LED ya volti 6.3 inaweza kuingia katika soketi yake bila kizuizi chochote, kisha ikaungua mara flasha inapomweka kwa mara ya kwanza. Namba 89 haina hatari hiyo, kwa sababu kitako chake ni kipana kuliko cha 44.

3. Chagua rangi kwa utulivu. Hapa ndipo mashine nyingi huharibiwa sura. Wachoraji wa zamani walichagua rangi zao wakijua kwamba zitaangazwa na waya uliopashwa moto, ambao mwanga wake una wekundu na unjano mwingi lakini una buluu kidogo. LED nyeupe baridi, ya kelvini 6000 hivi, hufanya mekundu yapauke na rangi ya ngozi ya watu waliochorwa ionekane kama ya wagonjwa. Nyuma ya kioo cha picha na chini ya plastiki za uwanjani, tumia nyeupe yenye joto, ya kelvini 2700 hadi 3000. Kwa mashine za rilei, sioni sababu ya kutumia kitu kingine chochote katika taa za jumla.

   Chini ya vidirisha vya rangi, kanuni ni kutumia LED ya rangi ileile: nyekundu chini ya nyekundu, kijani chini ya kijani. LED nyeupe chini ya kidirisha chekundu huonekana hafifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwanga wake humezwa na plastiki. Kidirisha cha njano ndicho kinachosumbua zaidi: nyeupe baridi hukifanya kielekee ukijani wa limau, kwa hiyo tumia nyeupe yenye joto au ya rangi ya kaharabu. Kidirisha cha rangi ya chungwa kisiwekewe nyekundu, kwani kitafanana na chekundu na mchezaji atashindwa kujua ni tuzo ipi iliyowaka. Vidirisha vyeupe na vya buluu ndivyo ambavyo nyeupe baridi huvifaa.

   Kuhusu umbo, LED hutupa mwanga upande mmoja zaidi kuliko balbu ya waya, ambayo huangaza pande zote. Nyuma ya kioo cha picha, LED yenye kichwa kilicho wazi huacha doa kali katikati na giza pembeni. Chagua yenye kuba lililofifishwa. Kwa balbu zilizo wazi uwanjani, ambazo mchezaji huziona kwa macho bila kifuniko, chagua yenye chipu moja tu na kuba lililofifishwa, vinginevyo zitamchoma macho na kumeremeta juu ya kioo.

4. Nunua chache za majaribio kwanza. LED mbili au tatu za kila aina zinatosha kwa kuanzia. Kwa taa za jumla za AC, tafuta zenye rektifaya ya daraja ndani yake, yaani kijenzi kinachogeuza AC kuwa DC. LED isiyo na rektifaya huwaka nusu tu ya kila mzunguko wa umeme, yaani mara 50 au 60 kwa sekunde, na watu wengi huuona upepesaji huo kwa pembe ya jicho. Kwa matriksi ya Williams, nunua zile zinazouzwa kama zisizobaki na mwanga hafifu, ambazo zina rezista ya ziada ndani. Kwa Bally na Stern zenye thairista, nunua zilizotengenezwa mahususi kuvuta mkondo zaidi. Kwa vitako vya vipini viwili, nunua zisizojali chanya na hasi, kwa sababu ukizizungusha hakuna kinachobadilika: ncha ya kati hubaki katikati.

5. Zima mashine na uchomoe waya ukutani. Swichi ya mashine peke yake haitoshi, kwa kuwa upande mmoja wake hubaki na umeme maadamu waya umechomekwa. Subiri dakika chache ili kapasita zijitoe umeme. Mashine za kielektroniki zina volti za juu kwa ajili ya maonyesho ya alama, na zile za Bally za kipindi hicho hufika karibu volti 190 za DC. Usiguse bodi hizo hata baada ya kusubiri, maana kazi ya taa haikuhitaji kufika huko.

6. Toa kioo cha uwanja, kisha toa mipira, ndipo uinue uwanja. Fuata mpangilio huo. Mpira wa chuma uliosahauliwa huviringika mara uwanja unapoinuliwa na unaweza kuvunja plastiki, au kuangukia mahali penye nyaya. Kioo cha uwanja huwa kimeimarishwa kwa joto, na udhaifu wake uko kwenye pembe: ukikisimamisha juu ya sakafu ya saruji au vigae kinaweza kupasuka vipande vidogo papo hapo. Kilaze juu ya blanketi. Uwanja ukiinuliwa, uegemeze kwenye fimbo yake na uhakikishe imekaa imara kabla ya kuingiza mikono.

7. Anza na kabati la kichwa. Hapo pana nafasi, soketi zinaonekana, na joto ndipo lilipo zaidi. Shika kioo cha picha kwa kingo zake, kiweke mahali ambapo hakitaangushwa, na usifute kamwe upande wenye rangi, hata kwa kitambaa kikavu, kwa sababu rangi iliyozeeka hutoka pamoja na vumbi. Toa balbu kwa kipande cha mpira: sukuma ndani kidogo, zungusha kinyume cha saa, kisha vuta. Balbu iliyogandamana isilazimishwe kwa nguvu, maana kioo chake huvunjika mkononi. Vaa glavu na uizungushe huku na huku taratibu mpaka ilegee.

   Baadhi ya mashine zina balbu namba 455 nyuma ya kioo, ambayo hujiwasha na kujizima yenyewe kwa bamba la metali mbili lililomo ndani. Ninaziacha jinsi zilivyo. Kupumua kwake kusiko na mpangilio ni sehemu ya haiba ya mashine hizo, na LED inayojiwasha yenyewe huwaka na kukatika kwa ukali ambao haufanani.

8. Safisha kila soketi kabla ya kuweka LED. Balbu ya waya huvuta mkondo mwingi na huweza kuvumilia kutu kidogo, lakini LED hufichua kila mguso mbaya. Sugua sehemu za ndani kwa brashi ya nyuzi za kioo. Soketi ambayo chemchemi yake imechoka haitasaidiwa na usafishaji, hivyo ibadilishe. Wakati mwingine hitilafu iko kwenye ripiti inayounganisha mwili wa soketi na mkono wake, ambapo tone la risasi ya kulehemu hutatua tatizo kwa miaka mingi.

9. Badilisha kumi kumi, kisha ujaribu. Baada ya kila kumi, toa mikono, hakikisha hakuna kifaa kilichoachwa ndani, washa mashine na uangalie. Ukibadilisha zote kwa mkupuo na fyuzi ikakatika, utakuwa na mahali hamsini pa kutafuta badala ya kumi. Zima na uchomoe tena kabla ya kundi linalofuata. Hili linachosha, lakini usiliruke, kwani nyaya za taa za jumla chini ya uwanja mara nyingi ni tupu, hazina ganda, na bisibisi ikigusa mbili kwa pamoja hufanya shoti.

10. Endelea na taa za jumla za uwanjani. Zile za chini ya bampa (nguzo zinazorusha mpira) ndizo ngumu, kwa kuwa hufikiwa kwa juu, baada ya kutoa kofia ya bampa. Skrubu za kofia za zamani zifunguliwe polepole, kwa sababu plastiki yake ni kavu na hupasuka. Hakikisha pia kimo cha LED hakigusi kofia inaporudishwa.

11. Geukia taa za mchezo, safu kwa safu kwa kufuata mchoro. Endesha jaribio la taa baada ya kila safu. Mashine za Gottlieb zenye mfumo wa elektroniki uitwao System 80 zahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa baadhi ya njia za taa ndani yake huendesha rilei badala ya balbu. Usizibadilishe wala kuziongezea kitu.

12. Malizia kwa flasha, kama unaona zina haja. Huwaka kwa muda mfupi sana, hivyo joto lake si tatizo kubwa, na kwa maoni yangu LED za flasha huwa kali kupita kiasi katika mashine za zamani. Ukizibadilisha, soma volti iliyoandikwa kwenye mchoro kwa kila moja.

13. Rudisha mipira na kioo, zima taa za chumba, na ucheze. Linganisha na picha za hatua ya kwanza. Cheza angalau michezo mitano kabla ya kuamua kwamba rangi fulani haifai, kwani jicho huhitaji muda kuzoea.

Neno moja kuhusu fyuzi: matumizi ya umeme yamepungua, lakini hiyo si ruhusa ya kubadilisha kiwango cha fyuzi, na hasa si ruhusa ya kuweka kubwa zaidi. Fyuzi hulinda nyaya na transfoma, nazo hazijabadilika. Ukipima volti za taa za jumla na kukuta zimepanda kidogo juu ya 6.3, usishtuke, transfoma iliyopunguziwa mzigo hupandisha volti kidogo.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*LED haiwaki kabisa.* Ikiwa kitako ni bapa, ichomoe, igeuze nyuma mbele na uichomeke tena, kwani huenda chanya na hasi zimepishana. Nyoosha kidogo vijiwaya vya pembeni vilivyokunjwa kwenye kitako, maana huwa vyembamba na hupoteza mguso. Ikiwa bado haiwaki, irudishe balbu ya zamani: nayo isipowaka, kosa ni la soketi au la waya.

*Huwaka ukiigusa, ukiiachia huzimika.* Soketi chafu au iliyolegea. Rudia hatua ya 8.

*Taa za jumla zinapepesa zote kwa pamoja.* Umetumia LED zisizo na rektifaya kwenye umeme wa AC. Tiba ni kuzibadilisha kwa zenye rektifaya. Katika mashine zenye mfumo wa elektroniki uitwao WPC, za Williams na Bally za miaka ya 1990, upepesaji unaotokea tu mchezo unapofifisha taa za uwanja una chanzo kingine: mfumo hukata sehemu ya kila wimbi la umeme, na LED haiwezi kufifia kwa ulaini kama waya wa moto. Ingia katika menyu ya marekebisho na uzuie ufifishaji huo.

*Taa za mchezo hubaki na mwanga hafifu zinapopaswa kuwa giza.* Hili ni la matriksi. Mabaki madogo ya umeme yanayopita kati ya safu moja na nyingine hayakuweza kupasha waya wa balbu, lakini yanatosha kuwasha LED. Weka zile zenye rezista ya ndani. Wengine huweka bodi ndogo kati ya bodi kuu na nyaya za taa ili kusafisha mapigo hayo, nayo hufanya kazi vizuri, ila kwa taa chache zinazosumbua ni gharama isiyo ya lazima.

*Flasha za LED zinawaka hafifu muda wote.* Mashine za Williams zenye mfumo wa System 11 zina rezista zinazopitisha mkondo kidogo ili waya wa balbu ubaki na uvuguvugu. Kwa LED rezista hizo hazina kazi. Unaweza kukata mguu mmoja wa kila rezista inayohusika, au kurudisha balbu ya kawaida. Mimi hurudisha balbu.

*Taa za Bally au Stern zinapepesa moja moja.* LED haivuti mkondo wa kutosha kuishikilia thairista. Tumia LED zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, au lehemu rezista sambamba na soketi. Mahali ambapo thairista moja huwasha taa mbili, kuacha moja ikiwa balbu ya waya mara nyingi humaliza tatizo bila kulehemu chochote.

*Fyuzi hukatika mara tu mashine inapowashwa.* Toa kundi la mwisho la LED ulizoweka na ujaribu kwa fyuzi mpya ya kiwango kilekile. Ikishika, kagua hizo moja moja kwa multimita. Kitako kilichotengenezwa vibaya kinaweza kugusanisha ncha ya kati na mwili wa soketi. Ikikatika tena, tafuta waya tupu uliopinda na kugusa mwenzake ulipokuwa ukifanya kazi, hasa karibu na soketi ulizosafisha.

*Mwanga ni mkali mno na mpira hauonekani vizuri.* Rudisha balbu namba 47 katika sehemu zilizo wazi karibu na flipa (mikono ya kupigia mpira), na uache LED kwingineko. Mashine yenye mchanganyiko wa namna hiyo hucheza vizuri kabisa, na ndiyo maana balbu za zamani zilizo nzima hazitupwi: zihifadhi ndani ya kasha la mashine, zikiwa zimeandikwa namba zake.